Gitaa Moja kwa Amplifaya Mbili

Wenzangu mliobaki kwenye chumba cha mitambo, mmeniambia niandike kabla sijasahau. Kusahau sijaanza. Yaliyokwisha ni macho ya kutazamia lehemu, ndiyo maana nimekabidhi funguo. Vyeo nilivyopanda viko kwenye faili ofisini, anayevitaka akavisome huko. Hapa nitaandika habari za kazi yenyewe, na hasa za juma moja la miaka ya themanini, nilipofunga gitaa moja kwenye amplifaya mbili kule Kikambala. Nyinyi siku hizi mwaifanya kwa dakika tano, tena kwa kulalamika. Mimi ilinichukua siku tano.

Lakini nianze nilikoanzia. Kwetu ni Tezo. Kanisani kwetu palikuwa na maikrofoni moja na amplifaya moja ndogo, na Jumapili moja ikanyamaza katikati ya mahubiri. Wazee wakaamua ipelekwe kwa fundi mjini Kilifi, na kwa kuwa kesho yake nilikuwa nateremka na gunia la korosho, nikatwikwa na amplifaya pia. Fundi mwenyewe alikuwa Athman, mtu wa Mambrui aliyehamia Kilifi akafungua duka la kutengeneza redio nyuma ya soko. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono, isiyopinda, na sauti ya mtu asiyehitaji kuipaza.

Alifungua kifuniko, akainama, akanusa. Kisha akatoa kwa kibanio mjusi mkavu aliyelala juu ya nyaya mbili.

"Mhubiri wenu amenyamazishwa na huyu," akasema.

Nilicheka, lakini sikuondoka. Niliuliza hiki ni nini, na kile, na mbona hiki ni moto na kile ni baridi. Akafunga duka kwenda kusali alasiri, akarudi akanikuta nimekaa palepale kizingitini.

"Binti, kwenu hakuna watu?"

"Wapo, fundi. Nataka kujifunza hii kazi."

 Alinipa furushi la nyaya kuukuu na chuma cha kulehemu, akaniambia niziunge mbilimbili. Kila nilipomaliza, alichukua ncha mbili akavuta. Zilizokatika alizirusha chini, nikaanza upya. Siku hiyo nilirudi nyumbani na vidole viwili vimeungua, na viungo vinne tu vilivyokubali kuvutwa. Nilivitia mfukoni kama mtu aliyeokota dhahabu.

Nasema mfukoni, lakini mfuko wenyewe ulikuja baadaye. Kanuni ya kwanza ya Fundi Athman ilikuwa: tazama, nusa, kisha ndipo uguse. Ya pili: ukigusa mtambo wa valvu, ule wenye taa za kioo ndani, mkono mmoja uwe mfukoni. Umeme unaobaki ndani ya mitambo ile huua hata baada ya kuchomolewa, na ukiwa na mikono yote miwili ndani, hupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Nami nilikuwa nimevaa leso, na leso haina mfuko. Jioni ya siku aliponipa kanuni hiyo nilikaa na sindano, nikashona mfuko mkubwa upande wa kushoto wa gauni langu. Kwa hiyo kifaa changu cha kwanza cha kazi hakikuwa bisibisi, kilikuwa mfuko. Kanuni ya tatu ilikuwa fupi: waya wa ethi haukatwi. Ni ule wa rangi ya kijani na manjano, unaoshuka ardhini. Sababu hakuisema, nami sikuiuliza.

Nilikaa dukani kwake miaka minne. Kisha hoteli moja ya ufukweni huko Kikambala ikatuma mtu kumtaka Fundi Athman awe fundi wao wa mitambo ya bendi. Akajibu kwamba yeye hatoki dukani, lakini anaye fundi. Fundi mwenyewe ni mimi. Siku tatu mfululizo bawabu wa hoteli alinielekeza kwenye chumba cha kufulia nguo. Siku ya nne nilikuja nimevaa bisibisi shingoni kama mkufu, akanipisha.

Bendi ile ilikuwa na watu saba, na kiongozi wao aliitwa Bwana Mwinyi. Alipiga saksafoni, alivaa shati la mikono mirefu hata wakati wa jua kali, na aliniita "bibi fundi" kwa namna ambayo neno fundi lilisikika kama mzaha. Mpiga gitaa alikuwa Safari, mzaliwa wa Mariakani, kijana mrefu asiye na maneno mengi. Huyu alikuwa na sikio. Angeweza kukwambia soketi fulani imeingia kutu ya chumvi kwa kusikiliza tu gitaa lake likikwaruza.

Wakati huo mahoteli mengi ya pwani yalikuwa yakiziacha bendi na kuleta mashine za kaseti na taa za rangi. Meneja wetu naye akaja Jumatatu moja asubuhi, akasimama kando ya bwawa la kuogelea tukiwa mazoezini.

"Jumapili alasiri tutakuwa na wageni kutoka makampuni ya watalii," akasema. "Mtapiga mbele yao. Wakipendezwa, mtabaki. Wasipopendezwa, mwezi ujao naleta disko."

Alipoondoka tuliweka vyombo chini. Ndipo Safari akafungua mfuko wake wa gitaa, akatoa kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu, alichopewa na mgeni mmoja mwanamuziki aliyekuwa akirudi kwao. Kilikuwa na tundu moja la kuingiza sauti na mawili ya kutolea.

"Dada Kadzo," akaniambia, "huyo mgeni alisema hiki kikifungwa kwenye amplifaya mbili, moja huku na moja kule, gitaa moja linajaza uwanja mzima. Sauti inatembea. Nimeisikia kwenye sahani za santuri. Hapa kwetu sijaisikia."

"Tuna amplifaya moja," Bwana Mwinyi akasema.

"Mbili," nikajibu. Kulikuwa na nyingine stoo, mbovu, karatasi ya spika yake imeraruka tangu kabla sijaja. Nilikuwa nimekwisha kuitia karatasi mpya na koili mpya, ule msokoto wa waya unaoisukuma karatasi, kwa mikono yangu, nikisubiri siku ya kuitumia. Niliitoa nikijiona.

Tukazifunga. Safari hajagusa hata uzi mmoja, kukatoka mvumo mzito kama nyuki elfu ndani ya pipa. Kila amplifaya peke yake ilikuwa kimya. Zikiwa pamoja, zilivuma.

Bwana Mwinyi hakushangaa. "Kata waya wa ethi kwenye plagi ya hiyo ya pili. Fundi aliyekuweko kabla yako alikuwa akifanya hivyo, na mvumo unaisha."

"Waya wa ethi haukatwi, bwana."

"Nani kasema?"

"Aliyenifundisha."

"Basi yeye hayuko hapa." Akachukua koleo kwenye kisanduku changu cha vifaa bila kuniomba. "Nitakata mwenyewe."

Nikachomoa plagi, nikaitia kwapani, nikakaa juu ya amplifaya. Sikupanga kufanya hivyo. Miguu ndiyo iliyoamua. Sakafu ya pale bwawani ilikuwa imeloa maji tangu asubuhi hadi jioni, na Safari alikuwa amesimama juu yake miguu mitupu.

"Kata, bwana," nikamwambia, "lakini kwanza unitoe hapa."

Watu sita walitazama miguu yao. Bwana Mwinyi akarudisha koleo kisandukuni. Akanipa hadi Jumamosi. Ikiwa mvumo utakuwapo bado, atakata waya mbele ya meneja, na mimi nitarudi Kilifi kutengeneza redio.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye kivuko cha Mnarani, nikivuka kwenda kwa Fundi Athman.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hujaja kunisalimu tu, uso wako una plagi."

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye habari ya kukata waya, aliweka chini redio aliyokuwa akiitengeneza.

"Sikukwambia kwa nini haukatwi," akasema. "Nilikuwa na rafiki Malindi, mwimbaji, hupiga gitaa na kuimba. Tulikuwa harusini, mchana, mvua imetoka kunyesha. Mtambo ukawa wavuma. Nikakata waya wa ethi. Mvumo ukaisha. Kisha akashika gitaa, akapeleka mdomo kwenye maikrofoni, na yeye naye akaisha."

 Miaka minne nilikuwa nimekaa naye meza moja bila kuijua habari hiyo.

"Waya ule ni wa mtu, mwanangu. Si wa muziki. Ukiharibika mtambo, umeme upite hapo ushuke ardhini, usipite kwenye mwili wa kiumbe." Akachukua chaki, akachora mezani. "Sasa mvumo wako. Amplifaya hii ina njia yake ya ardhini, na hii ina yake. Umeziunganisha tena kwa waya wa gitaa. Umefanya duara, na umeme unazunguka humo. Duara lazima ulikate, lakini likate upande wa sauti, si upande wa uhai."

Alitafuta kwenye makopo yake, akatoa transfoma ndogo, haifiki ukubwa wa kiberiti, iliyotoka kwenye mtambo wa simu uliokufa. Ina nyaya za upande huu na nyaya za upande ule, na hazigusani. Sauti huvuka kwa nguvu ya sumaku tu, wala mvumo haupati daraja la kurudia.

"Na ukifika," akaongeza, nimekwisha kusimama, "usishughulike na amplifaya peke yake. Fungua plagi zote."

Niliyafuata maneno hayo Jumatano asubuhi kabla wenzangu hawajaja. Plagi ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili sawa. Nikafungua ya mtambo wa maikrofoni. Waya wa kijani na manjano ulikuwa umekatwa, ukakunjwa nyuma vizuri, ukafungwa kwa utepe ili usionekane. Huyo fundi wa kabla yangu alikuwa nadhifu, hilo sitamnyima. Na mimi, aibu yangu, nilikuwa nimefanya kazi pale miezi kadhaa bila kuifungua, kwa sababu mtambo haukunipa taabu yoyote.

Sikuutengeneza mara ile. Nilitaka waone. Nikaurudishia plagi ukutani, nikafunga kamba maikrofoni isishikwe na mtu, nikakaa kuilinda hadi walipofika. Kisha nikachukua mita yangu ya sindano, mkono wa kushoto mfukoni, nikaweka ncha moja kwenye nyuzi za gitaa na nyingine kwenye wavu wa maikrofoni. Sindano ikaruka hadi katikati ya kipimo.

"Hiyo ni nini?" Bwana Mwinyi akauliza.

"Ni umeme, bwana. Uko kati ya gitaa na maikrofoni, unamngoja mtu awe waya wake."

Safari alijishika mdomo. "Ndiyo maana!" akasema. "Kila nikiitikia chorasi, maikrofoni inanikung'uta midomo. Nikaambiwa ni chumvi ya bahari."

Aliyemwambia ni chumvi alikuwa Bwana Mwinyi mwenyewe, naye alikuwa amesimama karibu yake. Aliitazama sakafu iliyoloa, akaitazama maikrofoni, akaenda kuketi kwenye kiti cha ngoma. Nikachomoa mtambo, nikaunga waya, nikapima tena mbele yao. Sindano ikalala. Siku hiyo hakuna aliyeniita bibi fundi. 

Alhamisi nilitengeneza kifaa changu. Niliifunga ile transfoma ndani ya kopo la bati la maziwa ya unga, kwa maana bati huizuia isidake mivumo ya hewani. Soketi moja upande huu, moja upande ule, na nikahakikisha ile ya kutokea haigusi bati. Nikaiweka njiani kati ya kisanduku cha Safari na amplifaya ya pili. Tukawasha. Kimya. Tulisikia majani ya minazi na mpishi akigombana na mtu jikoni. Mpiga ngoma akapiga makofi.

"Haya, Safari, piga," nikasema, nikiwa tayari kusifiwa.

Akapiga. Sauti ilikuwa nyembamba, haina kifua, kama redio iliyotiwa ndani ya debe. Akazima amplifaya moja, ikawa nzuri. Akaiwasha, akazima nyingine, nzuri vilevile. Akawasha zote, ikakonda tena. Wote wakaligeukia kopo langu.

"Ni hilo bati," mtu mmoja akasema. Nikalitoa kopo. Mvumo ukarudi, na ndani ya mvumo sauti ilikuwa imekonda vilevile. Kwa hiyo kopo halikuwa na hatia. Lakini sikujua ni nini chenye hatia, na nilikwenda kulala na swali hilo.

Ijumaa alfajiri nilikuwa nachota maji kisimani pamoja na mama mmoja wa jikoni. Sote wawili tulishika kamba ya ndoo, na kwa kutosikilizana, mimi nikavuta huku, yeye akavuta kule. Ndoo haikupanda wala kushuka. Nikaiacha kamba nikakimbilia spika, na yule mama akanirushia maneno ambayo siyaandiki hapa.

Mkitaka kujua spika mbili zinavuta upande mmoja au zinapingana, chukueni betri ya tochi. Gusisheni nyaya zake kwenye miguu ya spika, zile ncha mbili zinazopokea nyaya, mara moja tu, kisha mwondoe. Karatasi ya spika itaruka. Nikafanya hivyo kwa amplifaya ya kwanza: karatasi ikaruka kuja nje. Nikafanya kwa ya pili, kwa mpangilio uleule: ikarudi ndani. Moja inasukuma hewa wakati nyingine inainyonya, na besi yote inakufa katikati. Nikaigeuza ile ya pili nitazame nyuma. Nyaya za koili zilikuwa zimelehemiwa kinyume. Koili hiyo ni ile niliyoitia mimi. Lehemu ilikuwa safi, inang'aa, na ingevutwa na ng'ombe isikatike.

Ningeweza kuigeuza kimya kimya, nikasema mtambo umejirekebisha. Wapo mafundi wa namna hiyo na wana maisha marefu. Lakini bendi ilikuwa ikilala na hofu tangu Jumatatu. Walipokusanyika nikawaambia, "Kosa ni langu. Nilipoitengeneza hii spika niliunga nyaya kinyume. Nimekwisha kuziweka sawa."

Nilingoja Bwana Mwinyi aseme alichokuwa nacho. Alinyanyua saksafoni yake, akaifuta, akasema, "Safari, hebu piga tusikie."

Safari akakanyaga kisanduku, akapiga koda moja tu, pana, nyuzi zote kwa pamoja. Jamani. Nimefanya kazi hii miaka mingi baada ya siku ile, kumbi kubwa na mitambo ya bei ambayo sitaitaja, lakini koda ile bado naisikia. Ilianza mkono wa kushoto, ikavuka juu ya bwawa, ikafika kulia, na katikati ambapo hapakuwa na spika yoyote ndipo gitaa lilipokuwa limesimama. Safari aliacha mkono wake hewani. Mpishi alitoka jikoni na mwiko.

"Fundi," Bwana Mwinyi akaniambia, "hizi tuziweke wapi Jumapili?"

Jumapili niliziweka hatua kumi na mbili kutoka moja hadi nyingine, kila moja juu ya kreti, zimeinuliwa uso kidogo ili zisipige magoti ya watu. Nilitembea baina ya viti vyote, kimoja kimoja, Safari akipiga, nikasawazisha hadi pasiwe na kiti kinachosikia upande mmoja tu. Fundi Athman alikuwa amevuka asubuhi na kanzu yake nyeupe. Hakusalimia bendi kwanza. Alizunguka nyuma ya mitambo, akatoa bisibisi mfukoni, akafungua plagi ya maikrofoni, akahesabu nyaya kwa kidole: moja, mbili, tatu. Akaifunga. Kisha akaenda kwenye kiti cha nyuma, akaagiza chai, na wakati wote wa muziki alikaa amefumba macho.

Bendi ilipiga kama watu wanaopigania chakula cha watoto wao, na ndivyo ilivyokuwa. Meneja alionekana akitembea polepole mbele ya jukwaa, kutoka kushoto kwenda kulia, kichwa kimeinama, akitafuta gitaa liko wapi. Alifika mwisho, akarudi. Wageni wake wawili wakainuka kumfuata, nao wakatembea vilevile. Baada ya wimbo wa tatu walikuwa hawatafuti tena, walikuwa wanacheza. Bendi ile ilibaki Kikambala miaka sita mingine. Mashine ya kaseti ililetwa hata hivyo, ikawekwa kwenye baa ya ufukweni, ikaliwa na chumvi. Niliitwa kuitengeneza. Sikuwa na haraka.

Kabla ya kuondoka, Fundi Athman alimsogelea Bwana Mwinyi na kumwambia, nami nikisikia, "Huyu sikukupeni, nimekukopesheni tu. Mtunzeni, maana dukani kwangu kiti chake hakijakaliwa."

Jumatatu asubuhi nilikuwa stoo nikikunja nyaya. Bwana Mwinyi akaingia na kikapu cha ukindu. Alikiweka mezani, akatoa pasi ya umeme, feni ndogo, na redio inayotumia umeme wa nyumbani.

"Mke wangu hupiga pasi miguu mitupu," akasema. "Tena sakafuni kumepigwa deki. Hebu nitazamie hizi."

Nikafungua plagi ya pasi. Waya wa kijani na manjano ulikuwa umekatwa. Akauona kabla sijamwonyesha, akaketi.   Nilimpa bisibisi na kisu cha kuchunia waya, nikamwonyesha tundu la tatu, na mkono wake wa saksafoni ukauingiza waya mahali pake, ukakaza. Kisha akauvuta, kwa nguvu, kuona kama utakatika.